Somo: Kupanda Mipapai Inayostahimili Baridi Katika Bustani ya Nyumbani

Mpapai wa kawaida ni mti wa joto. Halijoto ikikaa chini ya nyuzi 15 za Selsiasi ukuaji wake hudorora, na jalidi (baridi inayogandisha umande) ya usiku mmoja inaweza kuuua kuanzia kileleni. Mkulima wa sehemu za baridi hutegemea jamaa zake wa milimani, wa jenasi ya Vasconcellea, ambayo wataalamu waliitenga na jenasi ya Carica mwaka 2000. Hata hao, mara nyingi kinachowamaliza ni maji yaliyotuama kwenye udongo wa baridi, wala si baridi peke yake. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye udongo.

Hatua ya kwanza: chagua aina. Mpapai wa mlimani (Vasconcellea pubescens) asili yake ni milima ya Andes. Matunda yake ni madogo, ya njano, yenye harufu nzuri, na kwa wingi wa papaini (kimeng'enya kinachovunja protini) hufaa zaidi yakipikwa. Aina nyingine, iitwayo babako, ni chotara wa Ekwado mwenye tunda refu la pembe tano lisilo na mbegu, linaloliwa pamoja na ganda lake. Anayeanza ninamshauri apande babako, kwa kuwa huzaa bila uchavushaji na kimo chake cha mita 2 hivi ni rahisi kukifunika.

Hatua ya pili: andaa mahali. Hewa baridi ni nzito na huteremka, basi epuka bonde. Panda karibu na ukuta unaopigwa na jua, kwani usiku huachia joto ulilohifadhi mchana. Chimba shimo, lijaze maji, yaache yanywee, kisha ulijaze tena: yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, usipande humo. Inua tuta la sentimita 30 au zaidi, kwa udongo tifutifu uliochanganywa na mchanga mnene na mboji iliyoiva. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka, mizizi itaoza kwa ukungu na hakuna blanketi litakalouponya mmea.

Hatua ya tatu: pata miche. Mbegu za mpapai wa mlimani zisugue mpaka utando wake wa utelezi utoke, kisha uzioteshe kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Babako hupandwa kwa pingili za shina. Ziache kivulini siku chache ili jeraha likauke. Vaa glavu, kwa maana utomvu huwasha ngozi.

Hatua ya nne: vusha mmea msimu wa baridi. Acha mbolea ya naitrojeni mapema, ili machipukizi yasiwe laini jalidi inapofika, na umwagilie tu udongo unapokauka. Tandaza majani makavu bila kugusa shina. Usiku wa jalidi funika mmea kwa kitambaa kinachofika chini, ukiondoe asubuhi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mpapai wangu wa mlimani huchanua lakini hauzai. Nifanyeje?
Jibu: Huenda ni dume, au ni jike lisilo na dume karibu. Panda miche kadhaa itokanayo na mbegu, maana jinsia haijulikani hadi ichanue.

Swali: Kilele kimeungua kwa jalidi. Ning'oe?
Jibu: Hapana, subiri joto lirudi. Kwangua gome kidogo kidogo ukishuka mpaka uone kijani, kisha ukate juu kidogo ya hapo, kwa mshazari. Shina lina uwazi ndani, hivyo kinga mkato dhidi ya mvua. Machipukizi yatatokea chini yake.

Swali: Je, babako hukubali chungu?
Jibu: Hukubali vizuri, mradi chungu kiwe kikubwa, chenye matundu mengi, na kisikae juu ya sahani yenye maji. Jalidi ikikaribia, kiingize ndani penye mwanga.