Mdahalo wa Wakatoliki na Wamenoniti darasani, Dodoma

Tenga vipindi viwili, dakika 80, na nusu yake iende kwenye ubatizo, kwani ndio kiini. Wakatoliki walibatiza watoto wachanga. Wamenoniti walidai mtu aungame imani kwanza. Menno Simons mwenyewe, ambaye Wamenoniti wameitwa kwa jina lake, alikuwa padri Mkatoliki huko Friesland, Uholanzi, hadi 1536. Andika ubaoni: Speyer (mji wa Ujerumani), 1529, sheria ya dola iliyoamuru kifo kwa waliobatizwa upya. Viapo na upanga, yaani Wamenoniti kukataa kuapa na kupigana vita, vipitie haraka.

Mdahalo huharibika Wakatoliki wakitupiwa lawama zote. Felix Manz, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa waliobatiza watu wazima upya, alizamishwa mtoni Zürich, Uswisi, mwaka 1527 na watawala Waprotestanti! Usigawe pande kwa madhehebu: Mkatoliki kutoka Kongwa awatetee Wamenoniti, la sivyo kila mmoja atatetea kanisa la kwao.