Maji ya rejeta yanapungua? Tandaza boksi usiku
Kama kila asubuhi unaongeza kulanti (maji ya rangi ya kupoza injini ya gari), usikimbilie kununua rejeta mpya. Ukipaki jioni, tandaza boksi kavu chini ya injini. Asubuhi doa litakuonyesha pa kuanzia: mbele kabisa, kagua rejeta na mipira yake; upande wa mikanda, mara nyingi ni wota pampu. (Maji yasiyo na rangi wala utelezi mara nyingi ni ya AC tu.) Boksi likiwa kavu na kulanti bado inapungua, hapo ndipo pa kuhofia. Chomoa stiki ya oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho ndani ya injini) imeungua na kulanti inaingia kwenye oili. Usiendeshe, ita fundi. Na tafadhali, usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mvuke ule unababua uso.