Jinsi ya kumshuhudia kereng'ende mdogo akijivua gamba

Mpwa wangu aliniomba nimwonyeshe kereng'ende akitoka majini. Tuliamka alfajiri mara 4 ndipo akaona, na siku 2 kati ya hizo zilipotea kwa kosa langu mimi. Nawazungumzia wale wadogo wa maeneo chepechepe, wanaotua mabawa yakiwa yametandazwa. Jamaa zao wembamba wanaobana mabawa mgongoni wana mambo yao, nitawaacha.

1. Tafuta gamba kwanza

Kereng'ende anayeruka juu ya maji hathibitishi kitu. Huenda amezaliwa kwingine na hapa amekuja kuwinda tu. Gamba tupu ndilo ushahidi kwamba amekulia hapo. Kagua mashina ya matete na nyasi zilizosimama majini, kuanzia usawa wa maji hadi kimo cha goti. Gamba lina rangi ya tope, limepasuka mgongoni, na kwenye mpasuko huchungulia nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo ni bitana ya mirija aliyokuwa akipumulia. Ukitaka kulichukua, lidondoshee maji kwanza lilainike, la sivyo miguu itabaki kwenye shina.

Ukipata magamba kadhaa pamoja, hapo ndipo pa kukaa.

2. Acha wavu nyumbani

Chukua darubini inayoweza kuona kitu kilicho chini ya mita 2, tochi yenye mwanga hafifu, daftari na penseli. Wavu huvunja mabawa ya wachanga, nami sioni sababu ya kuubeba kwa kazi hii.

3. Mtambue tunutu aliye tayari

Kereng'ende hana hatua ya pupa, yaani ile ya kutulia ndani ya kifuko kama kipepeo. Tunutu, yaani kereng'ende mchanga ambaye bado hana mabawa, hukua majini akijivua mara 10 au zaidi, akikamata viluwiluwi vya mbu na wadudu wengine kwa mdomo wa chini anaoufyatua mbele kama mkono. Akiwa tayari, vifuko vya mabawa mgongoni huvimba, huacha kula, na huanza kutoa kichwa juu ya maji.

4. Fika kabla ya jua

Saa 11 alfajiri uwe umeshakaa. Ukifika saa 2 asubuhi utakuta magamba.

5. Subiri, na usiguse chochote

Hapa ndipo nilipokosea.

Tunutu hupanda shina, hujishikiza kwa kucha, kisha hutulia. Mgongo hupasuka, kichwa na kifua hutoka, miguu hufuata. Halafu hujiachia nyuma, kichwa chini, akiwa ameshikiliwa na ncha ya tumbo tu ambayo bado imo ndani ya gamba. Hapo hukaa kimya kabisa dakika 10 hadi 30, pengine zaidi kukiwa na baridi. Siku ya kwanza nilidhani amekwama anakufa. Nikamsukuma kidogo kwa jani nimsaidie, akaanguka majini mbele ya mtoto. Hakuwa amekwama: alikuwa anangoja miguu ikauke na kuwa migumu. Ikishakauka, hujikunja juu kwa mkupuo mmoja, hushika kichwa cha gamba lake mwenyewe, na kuchomoa mkia. Kwa hiyo ukimwona ananing'inia, muache. Hata shina lenyewe usilisogeze ili uone vizuri. Sogea wewe, tena polepole.

Kisha mabawa. Hutoka yamekunjamana, nayo hunyooka kwa kujazwa maji ya mwili kutoka kifuani. Wakati huu jani la jirani likiyagusa kwa upepo, hukauka yakiwa yamepinda na hataruka maisha yake yote. Kosa langu la pili lilikuwa hili: nililiinamisha jani ili mpwa wangu aone, likarudi na kumpiga. Tangu hapo, majani yanayoniziba nayaacha yanizibe.

Baada ya mabawa, tumbo hurefuka, na matone ya maji hutoka kwenye ncha yake. Usidhani amejeruhiwa, anatoa maji yaliyozidi. Mabawa hubaki yamefungwa pamoja mgongoni. Yakifunguka na kutandazwa, weka daftari chini utazame, kwa sababu safari ya kwanza imekaribia.

6. Baada ya kuruka

Huondoka majini akiwa amepauka, mabawa yaking'aa. Hurudi baada ya siku kadhaa au wiki, akiwa na rangi kamili na tayari kuzaa. Madume hushika vituo vyao na kufukuzana. Jua likiwa kali utaona mmoja amesimamisha tumbo kuelekea angani. Hapo anapunguza sehemu ya mwili inayopigwa na jua.

Rudi kwenye shina, chukua gamba, liweke kwenye kiberiti kitupu lisipondeke, na uandike tarehe na saa aliyoruka. Mpwa wangu sasa ana magamba 6.