Yai, Ngege na Rangi Nne: Mazoezi ya Kila Siku kwa Anayejifunza Kuchora

Familia moja iliwahi kuniletea picha ya pasipoti ya mzee wao, nimchore mkubwa wa kutundikwa sebuleni. Nilikaa nayo siku nne. Walipokuja kuichukua, binti wa mzee aliitazama kimya, halafu akasema, "Fundi, huyu si baba. Huyu ni kama ndugu yake, na anaumwa." Pua ilikuwa ya mzee, macho yake, hata kofia ilikuwa yake. Tatizo lilikuwa vivuli. Nilikuwa nimevipaka rangi nyeusi tupu, uso ukaota majivu. Na si kwamba sikuwa na mazoezi. Nilikuwa nayo tele, ila yalikuwa mazoezi ya kurudia kosa lile lile.

Tangu hapo kazi naiweka kando na zoezi naliweka kando. Kazi ni ya mteja. Zoezi ni langu, lina swali moja tu, na likishajibiwa nafunga daftari. Hivi ndivyo ninavyofanya kibandani kwangu hapa Kisumu, na ndivyo ninavyowaelekeza vijana wanaokuja kujifunza.

Hatua ya 1: Vifaa

Penseli tatu zinatosha: HB, 2B na 6B. Kadiri namba ya B inavyopanda ndivyo penseli inavyokuwa laini na nyeusi zaidi. Ongeza raba na daftari lisilo na mistari. Makaa ya jiko yanachora, lakini ni magumu na hukwaruza karatasi, kwa hiyo yaachie michoro mikubwa ya manila. Karatasi ya bei ghali usiinunue sasa. Itakutia woga, na mkono wenye woga hauchori.

Hatua ya 2: Andika swali kabla ya kuchora

Juu ya ukurasa andika tarehe na swali. "Nataka kuchora vizuri" si swali. "Kivuli cha kikombe ni cheusi zaidi wapi?" ni swali. "Mtu wa bodaboda akiegemea pikipiki yake, uzito uko mguu gani?" nalo ni swali. Weka kengele ya simu dakika 20. Ikilia, acha, hata kama mchoro haujafika popote.

Hatua ya 3: Yai, wiki nzima

Hapa ndipo wengi hununa. Wamekuja kuchora simba, nawapa yai. Lakini yai halina nywele wala mapambo ya kukufichia udhaifu, na ukilielewa umeelewa paji la uso, bega na nyanya.

Kwanza chora visanduku vitano kwa mstari: cha kwanza kiache kitupu, cha mwisho kikoleze kwa 6B mpaka penseli ikatae, kisha vitatu vya kati uvikoleze kwa ngazi sawa. Hicho ndicho kipimo chako. Weka yai jeupe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha moja, uzime taa.

Sasa angalia polepole. Kuna upande unaopigwa na mwanga. Kuna mahali yai linapogeuka na giza kuingia. Ndani ya giza hilo, karibu na ukingo wa chini, utaona weupe hafifu: ni mwanga uliogonga karatasi ukarudi juu. Hapo ndipo kila mwanafunzi wangu amewahi kuanguka. Anauona weupe ule, anafurahi, anaufanya mweupe kama upande wa dirishani, na yai linageuka kuwa bati. Mwanga wa kurudi bado umo ndani ya kivuli. Ulinganishe na visanduku vyako: ikiwa kivuli ni cha nne, wenyewe labda ni wa tatu na nusu, haufiki cha pili.

Halafu kivuli kinachoanguka mezani. Pale yai linapogusa karatasi ni cheusi na ukingo wake ni mkali. Kikienda mbali kinapauka na ukingo unalainika. Ukikipaka sawasawa kote, yai litaonekana limebandikwa kwa gundi.

Hatua ya 4: Ngege kwa toni tatu

Nunua ngege (tilapia) mmoja mzima. Mlo wa jioni umepatikana, kwa hiyo hakuna hasara. Mweke kwenye sinia, finya macho mpaka magamba yapotee, uone madoa matatu tu: jeupe, la kati, jeusi. Chora madoa hayo, usimchore samaki. Magamba yakikuita, usiitike. Mgongo wa ngege ni mweusi na tumbo limepauka, kwa hiyo rangi yake mwenyewe na kivuli vinagombana, na macho yaliyofinywa ndiyo yanayoamua.

Hatua ya 5: Watu wasiotulia

Jumapili soko la Kibuye limejaa. Tafuta ukuta wa kuegemea, chora kila mtu kwa sekunde 30, kisha wengine kwa dakika mbili. Anza na mstari mmoja kutoka kichwani hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Mama aliyejitwika beseni kichwani ana mstari karibu wima kabisa, na nyonga ndiyo inayofanya kazi yote. Vidole na nyuso achana navyo. Mtu akikuona, msalimie na umwonyeshe. Akikataa kuchorwa, geuza ukurasa.

Ukichora nje, wahi saa moja hadi saa tatu asubuhi, au subiri saa kumi jioni. Ikweta inapita hapo Maseno tu, hivyo adhuhuri jua liko utosini: macho yanakuwa mashimo na vivuli vinakimbilia miguuni.

Hatua ya 6: Rangi nne

Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi aliyefariki mwaka 1920, anajulikana kwa kutumia rangi chache mno: nyeupe, nyeusi, njano ya udongo na nyekundu. Nilipojifunga kwa hizo nne ndipo nilipojua nilichomkosea yule mzee. Kivuli cha ngozi yetu anza nacho kwa nyekundu na njano ya udongo, kisha nyeusi kwa ncha ya brashi. Mahali panapong'aa, paji la uso likiangalia mbingu, tia kijivu cha nyeusi na nyeupe. Kando ya kahawia ile ya moto, kijivu hicho kitaonekana kama buluu. Nyeusi na njano zinatoa kijani cha gugumaji, na kwa kijivu hicho hicho unapata milima ya Nandi ukiitazama kutoka Mamboleo, kwa sababu kitu kikiwa mbali hupauka na kupoa.

Zoezi lenyewe: chora ziwa kutoka ufuo wa Dunga kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja, madoa yasiyozidi ishirini. Kumbuka rangi ya akriliki ikikauka inakoza kidogo, na rangi ya maji ikikauka inapauka. Jaribu pembeni kwanza.

Hatua ya 7: Funika, chora tena

Mara moja kwa wiki chukua zoezi la jana, lifunike, ulichore tena kwa kukumbuka tu. Kisha linganisha. Pale ulipobuni ndipo ambapo hukuangalia, na hapo ndipo linapotoka swali la kesho. Baada ya siku 30 rudia yai, dirisha lile lile, saa ile ile, uyaweke mawili sambamba.

Simu ikilia katikati ya akriliki, osha brashi kwanza. Mimi nimezika brashi nyingi kwa ajili ya watu waliokuwa wananiuliza tu kama nimeshakula.