Kisigino kinauma: namna ya kutumia ibuprofen bila kuumiza tumbo na figo

Kabla ya kwenda famasi, bonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa kisigino, kwa mbele, pale unyayo unapoanza kubonyea. Pakiuma sana, na hatua za kwanza za asubuhi ndizo kali kuliko zote, huenda shida ni ule ukano mpana unaotoka kisigino kwenda vidoleni. Wanaosimama kutwa kwenye zege la Kariakoo na ndala zilizolika soli wanaujua. Kisigino chenye ganzi, chenye wekundu na joto, au kilichoanza kuuma baada ya kuanguka, kipeleke hospitali.

Anza na ibuprofen. Kwa mtu mzima ni miligramu 400 baada ya kula, kutwa mara 3. Usivuke miligramu 1,200 kwa siku bila daktari. Angalia pakiti, maana kuna vidonge vya 200 na vya 400. Na kula ni kula, si chai ya rangi tupu. Siku 7 zinatosha, zisizidi 10.

Kosa kubwa ni kuchanganya. Diclofenac ni ya familia hiyohiyo: ukimeza zote mbili nafuu haiongezeki, kinachoongezeka ni hatari ya tumbo kutoa damu. Tena vidonge vingi vya diclofenac madukani vina paracetamol ndani yake, kwa hiyo ukiongeza Panadol unarudia dozi bila kujua. Sindano ya diclofenac wanayoiomba wengi haina maajabu, kisigino hakitibiki kwa kudungwa makalio.

Usiguse dawa hizi kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, ujauzito, pumu inayoamshwa na aspirini, au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Wenye presha wamuulize kwanza mfamasia, hasa wanaomeza losartan pamoja na dawa ya kukojoza: hapo figo hubanwa pande tatu, na jua la Dar likikukausha maji ndiyo zaidi. Halafu kuna dengi, iliyousumbua mji 2014 na 2019. Homa ikianza ghafla, acha ibuprofen mara moja, tumia paracetamol, nenda kapime. Dengi na ibuprofen pamoja huongeza hatari ya damu kuvuja.

Jeli ya diclofenac ni salama zaidi kwa tumbo, ila ngozi ya kisigino ni nene na haipitishi dawa vizuri. Paka upande wa ndani wa kisigino na chini ya upinde wa unyayo, kutwa mara 3 au 4, kisha nawa mikono.

Dawa inapunguza maumivu tu, ukano haujapona. Hizo siku 7 zitumie kuanza kunyoosha: ukiwa bado kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu 10, rudia mara 10, ndipo ukanyage sakafu. Jioni viringisha chupa ya nusu lita ya maji yaliyoganda chini ya unyayo, dakika 10, ukiwa na soksi. Ndani ya nyumba vaa viatu vyenye soli nene, si peku kwenye vigae.

Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo. Kisigino kisipobadilika baada ya wiki 6 za kunyoosha, muone daktari wa mifupa au fiziotherapia. Akikutajia sindano ya steroidi kisiginoni, muulize kuhusu ukano kukatika, maana hutokea, hasa sindano zikirudiwa.