Ukitoka Dodoma kwenda Udzungwa, viatu kwanza

Wenzangu wa Dodoma mnaopanga kwenda Udzungwa: msijidanganye na jua la huku kwetu. Kule ni msitu wa mvua, mawe yana utelezi hata kiangazi. Na hifadhi haina barabara ya kuzungukia na gari, ni miguu tu. Kwa hiyo raba zilizokwisha soli acha nyumbani. Mimi nilizivaa, nikashuka njia ya maporomoko ya Sanje nusu nzima kwa makalio.

Shuka na treni Morogoro, kisha basi la kupitia Mikumi na Kidatu hadi Mang'ula, kwenye geti. Lala hapo, uingie asubuhi na mapema. Beba kitambulisho, Mtanzania analipa kiingilio nafuu.

Ukiwa msituni, funga mdomo usikilize. Mbega wekundu utawajua kwa matawi yanayotikisika juu. Ngolaga, yule nyani wa Sanje asiyepatikana popote nje ya Udzungwa, hupenda kushuka chini kutafuta chakula, kwa hiyo usitazame juu tu. Wataalamu walimtambua mwaka 1979. Wenyeji walishamjua zamani.