Somo: Kufuatilia pesa za shule Texas, kutoka bungeni Austin hadi bodi ya wilaya yenu

Somo hili ni la wazazi wenye watoto katika shule za umma Texas. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mzazi kubisha mlango usio wake. Bodi ya wilaya ya shule haiwezi kupandisha kiwango cha fedha kwa kila mwanafunzi, maana hicho hupangwa na bunge la jimbo. Mbunge naye hawezi kurudisha basi lililofutwa mtaani kwenu, maana hilo ni la wilaya. Jiulize kwanza: ninachodai kiko mikononi mwa nani?

Hatua ya 1: Ijue hesabu

Tangu 2019 kiwango cha msingi kwa mwanafunzi kilikuwa dola 6,160. Mwaka 2025 sheria ya HB 2 (yaani mswada namba 2 wa Baraza la Wawakilishi) ilikiongeza kwa dola 55 tu, kikawa 6,215. Sehemu kubwa ya pesa nyingine za sheria hiyo ilishapangiwa kazi, hasa mishahara ya walimu, kwa hiyo wilaya haiwezi kuzihamishia popote inapotaka.

Juu ya kiwango hicho huongezwa “uzito”, yaani nyongeza kwa mwanafunzi mwenye hitaji fulani. Mtoto anayejifunza Kiingereza, aliye kwenye programu ya lugha, ana uzito wa 0.1, yaani kama dola 621 zaidi. Programu hiyo huanzia kwenye fomu ya lugha ya nyumbani unayojaza siku ya kumwandikisha mtoto. Wapo wanaoandika “Kiingereza” wakidhani mtoto atatengwa. Matokeo yake ni kwamba mtoto hapimwi, msaada haupati, na wilaya hailipwi. Kama nyumbani mnaongea Kiswahili au Kinyarwanda, andika hivyo.

Jambo la pili, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea: Texas hailipi kwa idadi ya walioandikishwa, hulipa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku. Chukua mfano wa shule yenye watoto 800 na mahudhurio ya asilimia 92. Inalipiwa watoto 736. Wale 64 waliokosekana, ukizidisha kwa 6,215, ni dola 397,760, na hapo hatujagusa uzito wowote. Mwalimu ni yuleyule, umeme ni uleule, basi ni lilelile.

Hatua ya 2: Shika kalenda

Bunge la Texas hukutana kwa kikao cha kawaida miaka isiyogawanyika kwa mbili, siku 140 tu. Kijacho kinaanza 12 Januari 2027. Miswada huanza kupokelewa Novemba 2026, na mlango wa kuiwasilisha kwa kawaida hufungwa siku ya 60, katikati ya Machi. Anayeleta wazo jipya Aprili amechelewa miaka miwili.

Hatua ya 3: Anzia kwenye bodi, kabla ya kikao

Kabla ya bunge kukutana, bodi nyingi hupitisha orodha ya vipaumbele ambavyo wilaya itavipigania Austin. Tafuta kwenye ajenda ya bodi siku orodha hiyo itakapojadiliwa. Tangu 2019 sheria inaitaka bodi imruhusu mwananchi kuzungumza juu ya jambo lililo kwenye ajenda kabla halijaamuliwa au wakati linajadiliwa. Jiandikishe kwa utaratibu wa wilaya yenu, kwa sababu nyingine hufunga orodha saa kadhaa kabla. Omba jambo moja, kwa mfano: “Tunaomba bodi iunge mkono kulipwa kwa idadi ya walioandikishwa badala ya mahudhurio.” Hotuba yenye malalamiko sita haiingii kwenye orodha yoyote.

Hatua ya 4: Fuata mswada kwa namba

Fungua akaunti ya bure kwenye tovuti ya bunge la Texas na uweke arifa kwa namba ya mswada. Soma kiambatanisho cha gharama kabla ya kusoma hotuba za wanasiasa, kwa sababu ndicho kinachoonyesha jimbo litatoa kiasi gani. Mswada wa shule hupita kamati ya elimu ya Baraza la Wawakilishi na ile ya Seneti. Mingi hufia kamatini bila kupigiwa kura, kwa hiyo barua ya kwanza mpelekee mwenyekiti wa kamati pamoja na mbunge wako.

Hatua ya 5: Toa maoni

Ukienda Austin, unajiandikisha ukiwa ndani ya jengo la bunge na kuchagua: naunga mkono, napinga, au natoa maelezo tu. Andaa maneno ya dakika mbili. Taja namba ya mswada, wilaya yako, tarakimu moja, kisha ombi. Usipoweza kusafiri, Baraza la Wawakilishi hupokea maoni ya wakazi wa Texas mtandaoni kwa miswada inayosikilizwa.

Kikao kikiisha, rudi kwenye bodi. Mwaka wa fedha wa wilaya huanza 1 Julai au 1 Septemba, na bajeti lazima ipitishwe kabla. Hapo ndipo uulize: zile pesa mpya zimewekwa kwenye mstari gani?

Maswali ya wanachama

Swali: Kiingereza changu ni kidogo. Nikija na mkalimani, dakika zangu zitaishia kwenye tafsiri?
Jibu: Hapana, mama. Bodi isipotumia vifaa vya kutafsiri papo hapo, sheria inataka upewe angalau muda mara mbili ya wengine. Wajulishe mapema na uwakumbushe hilo kwa heshima.

Swali: Mimi ni mkimbizi, bado si raia. Naruhusiwa?
Jibu: Kuzungumza mbele ya bodi na kamati, ndiyo. Kupiga kura au kujiandikisha kupiga kura, hapana kabisa. Hilo ni kosa la jinai na linaweza kuharibu njia yako ya uraia, hata kama mtu wa mtaani amekupa fomu kwa nia njema.

Swali: Kodi ya majengo, ile wanayolipa wenye nyumba, imepanda. Mbona shule haina pesa zaidi?
Jibu: Kanuni ya jimbo huweka jumla ambayo wilaya inastahili. Makusanyo ya kodi hiyo wilayani yakipanda, jimbo hupunguza sehemu yake, na jumla hubaki karibu palepale. Wilaya yenye makusanyo kupita stahili yake hupeleka ziada hiyo jimboni, utaratibu uliopo tangu 1993.

Swali: Mtoto akienda hospitali au sala ya Iddi, wilaya inapoteza?
Jibu: Si lazima. Akihudhuria sehemu ya siku hiyohiyo na kuleta karatasi ya daktari, huhesabiwa yupo. Siku takatifu ya dini na kuapishwa uraia pia huhesabiwa, mradi uandikie shule. Usipoandika, anabaki hayupo.

Swali: Mwalimu wetu anaweza kutusambazia ujumbe wa mgombea kwa barua pepe ya shule?
Jibu: Hapana. Mali ya wilaya haitumiki kumpigia mtu kampeni. Msimwombe, mtamponza.